Mtoto Aliyezaliwa Majuu Haombi Uraia

Hamjambo jamani, karibuni tena. Leo siko Minnesota, niko nyumbani Nairobi, hapa nje ya Nyayo House, kwenye ofisi za Uhamiaji. Honi mnazosikia ni za matatu za Kenyatta Avenue.

Akina shosho mmeniuliza sana: binti yangu amejifungua majuu, mjukuu wangu ni Mkenya ama itabidi aombe?

Haombi. Ni Mkenya tayari. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mamake au babake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya ama nje. Mamake! Katiba ya zamani ilimtambua baba peke yake kwa mtoto aliyezaliwa nje. Dada yetu akizaa na Mjerumani kule Berlin, mtoto alikuwa mgeni kwa kina mamake. Ilikuwa dhuluma, na nashukuru iliondolewa. Tena haki hii inawafikia hata waliozaliwa kabla ya 2010.

Ila Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka mzazi mwenyewe awe raia kwa kuzaliwa. Kama uraia wake ni wa kuandikishwa, yaani aliuomba akapewa, muoneni wakili kwanza.

Sasa, wengi hudhani kila mtoto anayezaliwa majuu hupewa uraia wa huko. Marekani ndiyo, karibu wote hupata, na Kenya haimnyang'anyi wake kwa sababu hiyo. Lakini Uingereza, tangu 1983, mzazi mmoja lazima awe raia ama awe na ukaazi wa kudumu. Wazazi wakiwa huko kwa viza ya masomo, mtoto anazaliwa London na hapati pasipoti ya Uingereza. Kama babake naye ni Mkenya, tegemeo lake ni Kenya tu. Asipotengenezewa karatasi zetu, hata kuja kumzika babu yake hawezi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Na hapo ndipo mnapoingia nyinyi mlio nyumbani. Ubalozi unataka ithibati kwamba mzazi ni Mkenya, na mara nyingi cheti chake cha kuzaliwa kiko Nairobi, ndani ya bahasha kabatini kwa mamake. Shosho, kitafute leo. Ukikipata, mwambie kijana wa jirani akipige picha, amtumie binti yako kwa WhatsApp. Chenyewe kiweke vizuri mpaka apatikane mtu unayemwamini wa kukibeba. Kama kimepotea, anzeni kuomba kingine sasa, kabla tarehe ya safari haijawabana.