Chamazi: Waongeze Viti au Wajaze Vilivyopo?

SALOME: Haya, tumeingia hewani. Mnatujua, hatujitambulishi. Leo Hamisi kaja na karatasi, kaandika kabisa "mambo matatu ya kujifunza". Hamisi, iweke pembeni kwanza. Tuambie ya Jumatano.

HAMISI: Jumatano nilimpeleka Rama, yule mtoto wa dada'ngu, Chamazi, uwanja wa klabu ya Azam. Mechi ya saa 3 usiku. Mpira ameujua kwenye runinga tu, uwanja hajawahi kuukanyaga. Tumefika getini, mashine ikasoma kadi, ikalia, akataka arudi nyuma apite tena ili ilie. Tukapanda ngazi, akaona taa na zile nyasi, akasimama palepale katikati ya njia. Watu wanampita, hana habari.

SALOME: Jamani.

HAMISI: Halafu akageuka, akaniuliza, "Mjomba, watu wengine wanakuja saa ngapi?"

SALOME: Na hakuna waliokuja.

HAMISI: Hakuna. Safu nzima mbele yetu ilikuwa tupu. Na mimi nilipokuwa nimekaa pale nikaona jambo moja, najua utanipinga: Azam waongeze uwanja. Kutoka viti 10,000 wafike 25,000.

SALOME: Subiri. Umekuta viti vitupu, dawa unayoleta ni viti zaidi?

HAMISI: Ndiyo, na nina sababu.

SALOME: Kabla ya sababu. Mechi ya saa 3 inaisha karibu saa 5. Nyumbani kwako Kimara. Mlirudije?

HAMISI: Hiyo si hoja ya leo.

SALOME: Hiyo ndiyo hoja. Mlirudije?

HAMISI: [anacheka] Haya. Tumetoka, daladala za Mbande zinakuja zimejaa, konda kaning'inia mlangoni, anapiga bodi, hasimami. Tukatembea kidogo na kundi la watu, tukapata moja mpaka Rangi Tatu. Pale Rangi Tatu tukakaa. Rama kalala begani. Ya Kimara hakuna, ya kuunganisha hakuna. Nikachukua bajaji, na nauli yake ilizidi tiketi zetu zote mbili. Nimemkabidhi kwa mama yake saa 7 usiku, na kesho yake ana shule.

SALOME: Shikamoo dada!

HAMISI: Hajanisalimia mpaka leo.

SALOME: Sasa nikuulize. Atakuruhusu umchukue tena mechi ya usiku?

HAMISI: Ya jioni atamruhusu.

SALOME: Basi kiti chako na cha Rama vimeshakuwa vitupu viwili, na havikuondolewa na mpira. Mimi nimezaliwa Mbagala, nawaona. Mechi za usiku, angalia jukwaa la mzunguko dakika ya 75. Kina mama wanaanza kufunga mitandio, wenye watoto wanasimama. Matokeo ni 1-1, timu inashambulia, na watu wanatoka! Si kwamba hawapendi. Wanapiga hesabu ya gari la mwisho.

HAMISI: Nakubali usafiri ni tatizo. Lakini tusikilizane. Sensa ya 2022 Dar ina watu zaidi ya milioni 5.3. Klabu kubwa yenye uwanja wake wa mashindano hapa mjini ni Azam. Simba na Yanga, kwa umri wao wote, tangu miaka ya 1930, wanaingia kwa Mkapa, uwanja wa serikali, kama wapangaji, au wanakuja hukohuko Chamazi kuazima. Halafu ule mmoja uliopo una viti 10,000. Ikija mechi kubwa, inahamishwa. Msimu wa 2024/25 Azam alimkaribisha Simba wapi?

SALOME: Amaan.

HAMISI: Unguja! Mwenyeji wa Chamazi anavuka bahari kwenda kuwa mwenyeji. Sasa mtoto wa Mbande, anayeziona taa za uwanja akiwa uani kwao, siku ambayo uwanja ungejaa, mechi haipo. Anachoona yeye ni Jumatano zile tupu. Atapendaje? Mtu huipenda timu siku ile ambayo jukwaa linatikisika. Mimi nilikuwa Mwanalambalamba, shabiki wa Azam, msimu wa 2013/14, walipochukua ubingwa bila kupoteza hata mechi moja. Nilisimama kwenye umati, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Siku ile ndiyo iliyonichukua.

SALOME: Na wewe ulitoka Kimara kwenda kule?

HAMISI: Wakati ule nilikuwa nakaa Mtoni Mtongani.

SALOME: Ahaa! Kwa hiyo ulirudije?

HAMISI: [wanacheka wote] Daladala moja.

SALOME: Daladala moja! Asante. Wasikilizaji mmesikia.

HAMISI: Salome, huwezi kila hoja ukaipandisha daladala.

SALOME: Naweza, kwa sababu ndiko inakokwama. Chukua fainali ya Simba ya Kombe la Shirikisho, Mei 2025, marudiano na Berkane ya Morocco. Kwa Mkapa viti 60,000, lakini sehemu ya kuchezea iliharibiwa na mvua, mechi ikapelekwa Amaan, viti 15,000. Mimi ni Mwananchi, wa Yanga, mnajua, lakini siku ile niliwahurumia. Jirani yangu Mnyama, Simba wa kufa, alikuwa na tiketi. Unajua alichoniuliza kwanza? Boti ya kurudi saa ngapi.

HAMISI: Hiyo inanisaidia mimi! Klabu ikiwa na uwanja wake wa watu 25,000 au 30,000, unaotunzwa na wenyewe, fainali ya Afrika haivuki maji.

SALOME: Simba wana watu wa kuujaza, hapo sibishi. Simba na Yanga wajenge hata kesho. Tunaongelea Azam. Ukijenga 25,000 pale, mechi mbili kwa msimu zitajaa, na waliojaza watakuwa sisi, Wananchi na Wanasimba, tumevaa jezi zetu nyumbani kwenu. Hizo nyingine zote mtasikia mwangwi.

HAMISI: Waje! Fedha ya geti ni fedha ya geti. Na mtoto wa Mbande ataona uwanja umejaa.

SALOME: Ataona umejaa kijani na nyekundu.

HAMISI: Sawa, tuangalie waliofanya. Liverpool walipandisha jukwaa kuu mwaka 2016, Anfield ikafika kama 54,000. Wakaja upande wa Anfield Road, leo ni kama 61,000. Na tiketi bado hupati.

SALOME: Liverpool walikuwa na orodha ya watu wanaosubiri tiketi za msimu kwa miaka. Watu walikuwa nje wanagonga, wakafunguliwa. Nani anagonga Chamazi Jumatano usiku? Mimi nakupa Juventus. Walikuwa Delle Alpi, uwanja wa Kombe la Dunia la 1990, viti zaidi ya 65,000, njia ya riadha katikati, mtu amekaa huko mbali hata namba ya mchezaji haisomeki. Kuna mechi ya kombe pale watazamaji hawakufika mia tatu. Juventus! Wakauvunja, mwaka 2011 wakafungua wa 41,000. Mdogo, watu wako karibu na mchezaji, ukaanza kujaa. Klabu kubwa kuliko zote Italia ilipunguza viti.

HAMISI: Ilipunguza mpaka 41,000, Salome. Si 10,000.

SALOME: Kila mtu na saizi yake.

HAMISI: Hapana, hapo ndipo hatuelewani. Wewe unasema saizi ya klabu ni wale waliokuja Jumatano. Mimi nasema ni wale ambao wangekuja kama wangeshaionja siku kubwa. Ukisubiri 10,000 zijae kila wiki ndipo uongeze, hutaongeza milele, kwa sababu mechi ambazo zingekuzalishia watu umezipeleka kwingine.

SALOME: Na mimi nasema mtu hazaliwi shabiki kwa mechi mbili za mwaka. Anazaliwa kwa kuzoea. Kila wiki ya pili, kiti kilekile, jirani yuleyule, muuza karanga anakujua jina. Hiyo inajengwa kwenye mechi ndogo, na mechi ndogo zinauawa na saa. Mshindani wa Chamazi si Mkapa, ni kibanda umiza. Mechi inaonyeshwa, mkataba wa haki za matangazo uliosainiwa 2021 ni wa zaidi ya bilioni 225 kwa miaka 10, hakuna mtu atakayezima kamera. Kibandani analipa kidogo, mechi ikiisha anavuka barabara, yuko kitandani. Ukiwa na fedha za zege la bilioni kadhaa, anza na mabasi ya klabu. Tiketi iwe na nauli ndani yake. Basi linasubiri nje, linaenda Rangi Tatu, Mtongani, Kariakoo. Mechi ianze saa 10 jioni.

HAMISI: Mabasi ni gharama kila wiki. Jukwaa unajenga mara moja.

SALOME: Jukwaa linafagiwa kila wiki, Hamisi, liwe na watu lisiwe na watu.

HAMISI: Na wakazi wa Chamazi, Mbande, Msongola? Wale hawahitaji basi wala saa 10. Wanatembea kwa miguu. Ni maelfu kwa maelfu.

SALOME: Ndio hao nauliza: mbona hawapo sasa hivi, na viti vipo?

HAMISI: Kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa siku kubwa.

SALOME: Tunazunguka.

HAMISI: Tunazunguka, lakini sijaona uliponijibu.

SALOME: Na mimi sijaona. Ila kuna kitu lazima nikiseme, na hiki si utani wa daladala. Mei 28, 2023, nilikuwa kwa Mkapa, Yanga na USM Alger ya Algeria, fainali ya Kombe la Shirikisho. Kabla ya mechi watu walikanyagana. Mtu mmoja alikufa, wengine wengi wakaumia. Ule ni uwanja wa 60,000. Nikisikia mtu anasema "tuongeze 15,000", sifikirii viti. Nafikiria barabara moja ile ya Mbande, watu 25,000 wanatoka kwa pamoja saa 5 usiku, bodaboda zinaingia katikati yao, giza. Wanapitia wapi?

HAMISI: Hapo... hapo uko sahihi kwamba mageti na barabara vije na jukwaa. Sijengi jukwaa peke yake.

SALOME: Vije kabla.

HAMISI: Pamoja.

SALOME: Kabla, Hamisi.

HAMISI: Serikali haitapanua barabara kwa ajili ya uwanja ambao haujaanza hata msingi. Arusha pale Olmoti uwanja wa 30,000 unajengwa kwa ajili ya AFCON 2027, na habari za barabara zikaja kwa sababu uwanja unakuja. Ukianza kujenga, unawalazimisha watu wakufikirie.

SALOME: Ule ni wa serikali na una mashindano ya bara zima nyuma yake. Huu ni wa klabu moja.

HAMISI: Klabu moja iliyoingia makundi ya Afrika!

SALOME: Hongereni, natoka moyoni. Lakini… naonyeshwa vidole viwili. Dakika mbili.

HAMISI: Karatasi yangu!

SALOME: Ilikuwa na nini?

HAMISI: Tiketi za msimu, bei ya mzunguko kwa watoto wa shule, na shule za jirani kupewa jukwaa lao. La kwanza peke yake linataka nusu saa.

SALOME: Hilo la watoto wa shule nalitaka, tusiliharakishe. Libaki.

HAMISI: Libaki, lakini 25,000 siiondoi.

SALOME: Usiiondoe. Mlioko Mbande, Chamazi, Msongola na Mbagala Kuu, tutumieni ujumbe wa sauti. Mechi ya usiku mnatoka uwanjani dakika ya ngapi, na kwa nini?

HAMISI: Na ambao hamjawahi kuingia kabisa, mko karibu na uwanja na hamjaingia, nanyi semeni. Ninyi ndio nawataka zaidi.