Kuendesha Mota ya Njia Tatu kwa Umeme wa Njia Moja

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu na wanafunzi,

Swali tunalolishughulikia leo huulizwa karibu kila mahali penye karakana: mashine ina mota ya njia tatu, jengo linapata umeme wa njia moja tu, sasa ifanyweje? Wengi hukimbilia kutaja vifaa vya kununua. Ningependa kwanza tuutazame umeme wenyewe, kwa sababu anayeielewa tofauti kati ya njia moja na njia tatu hawezi kuuziwa kigeuzi, yaani kifaa cha kutengeneza umeme wa njia tatu kutokana na njia moja, kisichomfaa.

Umeme wa njia moja wa herzi 50 hupanda na kushuka, na nguvu unayoupa mzigo hupungua hadi sifuri mara 100 katika kila sekunde. Umeme wa njia tatu una mawimbi matatu yanayopishana kwa nyuzi 120, hivi kwamba moja likishuka mengine huwa yameshika nafasi yake, na jumla ya nguvu hubaki ile ile muda wote. Mawimbi hayo yakipita katika koili za mota hujenga uga wa sumaku unaozunguka, nao ndio unaoiburuta rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka. Uga wa njia moja hauzunguki. Huvuta huku na kurudisha kule, na mota iliyosimama itanguruma na kupata moto bila kuanza. Lakini rota ikishapata mwendo kwa njia nyingine yoyote, hata kwa kuvutwa kwa kamba, huendelea kuzunguka. Naomba mlikumbuke jambo hilo, kwa maana kuna kigeuzi kizima kilichojengwa juu yake.

Kigeuzi, basi, hakiongezi nguvu. Kazi yake ni kuweka nishati wimbi linapokuwa juu na kuitoa linapokuwa chini. Chukueni mota ya kilowati 2.2. Ikibeba mzigo kamili huvuta takriban kilowati 2.6, na ukipiga hesabu utaona kwamba nishati inayopaswa kuwekwa na kutolewa katika kila mpigo ni jouli 8 hivi. Ni kiasi kidogo, lakini lazima kiwe na pa kukaa, na vigeuzi hutofautiana hasa kwa mahali vinapokiweka.

Kigeuzi cha kwanza, ambacho ni cha bei nafuu kuliko vyote, hukiweka katika kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Nyaya mbili za umeme huungwa kwenye ncha mbili za mota, na ncha ya tatu hulishwa kupitia kapasita iliyoshikana na mojawapo ya nyaya hizo. Ukiihamishia kapasita kwenye waya wa pili, mota hugeuza upande wa kuzunguka. Kwa umeme wa volti 230 na herzi 50, kipimo cha kuanzia ni mikrofaradi 70 kwa kila kilowati. Udhaifu wake ni kwamba kapasita ya ukubwa fulani hulingana na mzigo wa kiasi fulani tu. Mzigo ukibadilika, mikondo ya koili tatu huachana, na mota inayozunguka bila kazi inaweza kupata moto kuliko inayofanya kazi, jambo linalowashangaza wengi. Nguvu ya kuanzia nayo ni ndogo, kwa hiyo mara nyingi huongezwa kapasita ya pili inayotolewa mara mota inaposhika mwendo. Tegemea takriban theluthi mbili za nguvu iliyoandikwa kwenye kibati cha maelezo cha mota, si zaidi. Kwa feni au pampu ndogo yenye mzigo usiobadilika, inatosha. Kwa kompresa inayoanza dhidi ya shinikizo, siipendekezi.

Kigeuzi cha pili huiweka nishati hiyo katika chuma kinachozunguka. Mota nyingine ya njia tatu, isiyobeba kazi yoyote, huanzishwa kwa kapasita au kwa kusukumwa na mota ndogo ya njia moja, kisha huachwa izunguke kwa nyaya mbili za umeme. Rota yake huzalisha volti katika koili ya tatu, na hapo ndipo unapopatikana waya wa tatu wa kulisha mashine. Wazo hili ni la zamani: katika miaka ya 1930 nchini Hungaria, treni zilizobuniwa na Kálmán Kandó zilichukua kutoka waya wa juu umeme wa njia moja wa volti 16,000, na vigeuzi vya kuzunguka viliugawa kwa ajili ya mota zao. Katika karakana, faida yake ni kulisha mashine kadhaa kwa pamoja na kustahimili kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara. Mota ya kigeuzi iwe kubwa kuliko mota kubwa kabisa itakayolishwa nayo, hasa ikiwa hiyo huanza na mzigo mzito. Saketi za swichi zinazohitaji volti thabiti zisiungwe kwenye waya uliozalishwa, kwa kuwa volti zake hupanda na kushuka pamoja na mzigo.

Kigeuzi cha tatu ni cha elektroniki, na kwa mashine moja moja ndicho ninachokipendelea bila kusita. Hugeuza mkondo geu (AC) kuwa mkondo mnyoofu (DC) wa volti 325 hivi, huuweka katika kapasita zake, kisha hukatakata umeme huo kwa swichi za kielektroniki na kuunda mawimbi matatu ya herzi unazotaka. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 katika volti hizo hubeba jouli zaidi ya 50. Zile 8 zetu zina nafasi ya kutosha. Mota iliyowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, ilhali hiki huipandisha polepole kutoka herzi chache, na njia moja dhaifu haitikisiki.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo tufungue kisanduku cha mota. Ndani mna skrubu sita, na vibati vitatu vya shaba vya kuziunganisha. Kibati cha maelezo cha nje kikisema 230/400, mota inataka delta (koili tatu zikiungwa kama pembetatu) kwa volti 230 na nyota (ncha moja ya kila koili zikikutana pamoja) kwa volti 400. Kiwandani mara nyingi huachwa katika nyota, skrubu tatu za mstari mmoja zikiwa zimeunganishwa kwa mlalo. Kigeuzi cha kawaida cha njia moja hutoa volti 230, si 400. Ukiiacha nyota, kila koili hupata volti 133 tu na nguvu ya kuzungusha hushuka hadi theluthi. Geuza vibati visimame wima, kila kimoja kikiunganisha skrubu ya juu na ya chini. Kibati cha nje kikisema 400/690, delta haitakusaidia: utahitaji transfoma au kigeuzi cha kupandisha volti.

Pima pia waya wa kuingilia. Mota yetu ya kilowati 2.2 katika delta huvuta ampea 8 hivi kwa kila waya, lakini upande wa njia moja kigeuzi cha elektroniki kinaweza kuvuta ampea 15 hadi 20, kwa sababu nguvu yote hupitia jozi moja ya nyaya, tena katika vilele vya wimbi tu. Usiweke swichi ya kukata kati ya kigeuzi hicho na mota. Ukiendesha mota polepole kwa muda mrefu, iwekee feni ya pembeni, kwani feni yake hupungua kasi pamoja nayo. Na baada ya kuzima, subiri muda ulioandikwa kwenye kigeuzi, kisha hakikisha kwa mita kwamba kapasita zimeisha chaji kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Kwa kigeuzi cha kapasita au cha kuzunguka, kipimo cha mwisho hufanywa mashine ikiwa kazini: pitisha mita ya kubana, ile inayopima mkondo kwa kuuzingira waya, katika kila waya wa mota, mmoja baada ya mwingine. Mkondo wowote ukizidi ule wa kwenye kibati, badilisha ukubwa wa kapasita na upime tena. Usipotulia, punguza mzigo.