Koili ya Kupoozea Mvuke: Tunakunja Bomba la Shaba Hatua kwa Hatua

Karibuni tena karakana, hapa Vingunguti. Leo tunatengeneza koili ya kupoozea mvuke, ile inayokaa kati ya sufuria ya kuchemshia mchaichai na chupa ya kukingia mafuta. Wateja wangu wengi wanatoa mafuta ya mchaichai na mkaratusi kwa ajili ya sabuni, na swali lao ni moja: fundi, niweke mita ngapi?

Hesabu kwanza, ni fupi. Sufuria yako ikitoa lita 3 za maji na mafuta kwa saa pale kwenye chupa, koili inaondoa joto la kilowati 2 na kidogo. Joto hilo lazima lichukuliwe na maji ya kupoozea. Maji ya bomba Dar mchana wa jua chukulia nyuzi 28. Ukiyaacha yapande mpaka 45 yanapotoka, utahitaji kama lita 106 kwa saa, yaani madumu matano ya lita 20 na kidogo. Ukinakili kipimo cha mtu wa nchi ya baridi, ambako maji yanatoka bombani na nyuzi 10, utakata koili fupi na harufu yako yote itaishia hewani. Kwa lita 3, mita 4 za bomba la nusu inchi zinatosha. Mimi naweka 6, kwa sababu wengi wetu tunatumia maji ya kisima, yana chumvi, na ukoko ukishika juu ya shaba joto halipiti vizuri.

Bomba ni hili la mafundi wa viyoyozi, linauzwa limeviringwa. Usilivute kama kamba. Bana ncha chini kwa mguu, viringisha roli sakafuni, linanyooka lenyewe. Kata mita 6, safisha kingo. Twende.

Sasa mchanga. Hapa naomba tusikilizane. Bomba tupu ukilikunja linabonyea, kwa hiyo tunalijaza mchanga laini. Mchanga wa mto, umechekechwa kwa chujio la chai, umekaushwa kwenye karai juu ya moto mpaka hautoi mvuke hata kidogo, halafu ukapoa. Mchanga wa pwani hapana! Najua wa ufukweni Coco Beach ni wa bure, lakini una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na ikibaki ndani inakula shaba yako.

Ziba ncha moja kwa kigingi cha mbao. Simamisha bomba, mwenzako apande ngazi. Mimina kwa faneli kidogo kidogo huku unagonga bomba kwa nyundo ya mpira kuanzia chini kwenda juu. Mimina, gonga. Mimina, gonga. Utajuaje limejaa kweli? Pima. Bomba hili kipenyo cha nje ni milimita 12.7 na ukuta wake milimita 0.8, kwa hiyo mita 6 zinameza karibu lita 0.58. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze mchanga, imimine yote. Ikiisha na bomba bado linadai, uko sawa. Bomba likijaa kabla chupa haijaisha, kuna pengo mahali, endelea kugonga. Usiseme litajipa lenyewe. Halijipi.

Funga ncha ya pili. Na kuanzia sasa, mchanga ukiwa ndani, moto hapana. Unyevu kidogo tu uliobaki ukipata moto ndani ya bomba lililozibwa unageuka mvuke, na kigingi kitaruka usoni kwako.

Mashine ya kukunjia ni hii niliyoiunga mwenyewe: bomba la chuma la inchi 4, beringi mbili, mkono wa kuzungushia. Bana ncha, acha sentimita 30 za mkia kila upande, zungusha taratibu. Mzunguko mmoja unakula kama sentimita 40, kwa hiyo tutapata mizunguko 13 na nusu hivi. Acha nafasi ya kidole kati ya mzunguko na mzunguko ili maji yapite.

Mdogo wangu, sogeza simu hapa. Karibu zaidi. Mnaona mzunguko wa nne? Bomba limeanza kuwa na umbo la yai. Mchanga umejishindilia zaidi, pengo limetokea. Tunasimama. Fungua ncha ya mkia, inyanyue, gonga, ongeza mchanga... eeh, umeingia kama kijiko kimoja. Ziba, endelea. Umbo hilo dogo halizuii kitu, ila ungelazimisha lingebonyea kabisa.

Imeisha. Kutoa mchanga, ning'iniza koili, izungushe kama unafungua skrubu huku unagonga, kisha suuza kwa maji ya kasi. Sasa, mchanga ukiwa umetoka wote, mkia uliokakamaa unaweza kuuchoma mpaka uwe mwekundu wa gizagiza na kuutumbukiza majini. Shaba haifanyi kama chuma cha tindo, ambacho kikipozwa ghafla kinakuwa kigumu. Ukiipoza ghafla inabaki laini.

Kulehemu shaba kwa shaba, tumia waya wa kulehemia wenye fosforasi, hauhitaji poda ya kulehemia (flaksi). Kwa shaba na shaba ya manjano (brasi) ya viungio, weka poda. Kwa chuma usiutumie kabisa, kiungo kitakuwa cha kukatika. Jaribu kuvuja kwa pampu ya baiskeli: ziba ncha moja, tumbukiza kwenye ndoo, angalia mapovu.

Ganda la nje, linaloizunguka koili na kushika maji ya kupoozea, ni bomba la inchi 6, urefu sentimita 40, na mfuniko unaofunguka ili uweze kusugua ukoko kwa siki. Mvuke uingie juu, maji yaingie chini, vipishane. Koili iteremke mfululizo, pasiwe na tumbo la kutuamisha maji. Na ncha ya kutolea mafuta iwe wazi muda wote. Usiweke koki hapo, hata mteja akikuomba, maana njia ikizibwa sufuria inageuka bomu.

Yale maji ya nyuzi 45 usiyamwage, ndiyo ya kujazia sufuria mzigo unaofuata, unaokoa gesi. Anayetaka ya kununua, aniandikie hapo chini sufuria yake inatoa lita ngapi kwa saa na anatumia maji ya bomba au ya kisima.