Taa Nyekundu: Tuzime Injini au Tuiache?

Ndugu zangu waendesha pikipiki, asanteni kwa kuja. Mliosimama kule nyuma sogeeni karibu, maana leo kuna vitu vya kuona kwa macho.

Swali mliloniletea ni fupi: taa ikiwa nyekundu, tuzime injini au tuiache iungurume? Karibu kila anayeniuliza anawaza mafuta. Mimi naomba tuanze na mgongo wako.

Ukisimama kwenye taa, kinachokutisha kiko nyuma. Kuna gari linakuja, dereva wake pengine anatazama simu, na wewe ni kitu chembamba katikati ya njia. Kwa hiyo sekunde za mwanzo usizime chochote. Gia ya kwanza, klachi umeibana, breki umeishika ili taa ya nyuma iwake, macho kwenye kioo, mpaka gari la nyuma yako lisimame kabisa. Ukiwa umezima kisha ukaona kwenye kioo gari halipunguzi mwendo, utabonyeza stata saa ngapi? Na kuna pikipiki haziwaki mpaka kwanza utafute nyutro. Muda huo huna.

Haya, gari la nyuma limesimama. Sasa tuongee habari ya betri, na hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa nazima kila taa, nikijiona mwangalifu. Jioni moja taa ikageuka kijani, nikabonyeza stata, nikasikia tik-tik-tik, na taa yangu ya mbele ikafifia pale pale. Niliisukuma pikipiki hadi kando huku magari yakinipita kushoto na kulia. Niliogopa, siwafichi.

Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu. Tuseme stata inavuta ampea 40 kwa sekunde 2. Zidisha ampea kwa sekunde, hiyo ni ampea-sekunde 80. Taa ya mbele ya wati 35 kwenye betri ya volti 12 inavuta kama ampea 3. Iache ikiwaka dakika nzima injini ikiwa imezimwa, inakula 180. Mnaona? Taa imekula zaidi ya mara mbili ya stata! Mimi nilikuwa nazima kwa ile swichi nyekundu ya mkono wa kulia, ufunguo nauacha wazi, taa inaendelea kunyonya. Jumla 260. Mwendo ukirudisha ampea 1 tu kwenye betri, unahitaji zaidi ya dakika 4 kulipa deni hilo, na taa inayofuata ilikuwa mbele yangu baada ya dakika 2.

Utasema, basi nitazima kwa ufunguo. Mchana, sawa. Usiku ukizungusha ufunguo umezima na taa ya nyuma. Umejificha gizani katikati ya barabara. Usiku msizime. Hapo sina mjadala.

Je, kuzima hakuna faida? Ipo, tena nzuri. Injini inayopozwa kwa upepo haipati upepo pikipiki ikisimama huku injini inaunguruma, inajipika yenyewe. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyesimama ubavuni mwako anaivuta, pengine ana mtoto kwenye gari dirisha likiwa wazi. Hilo linanigusa kuliko senti za mafuta. Na mafuta nayo, kwa magari, maabara ya Argonne ya Marekani ilionyesha kwamba kusimama injini ikiwaka zaidi ya sekunde 10 kunakula kuliko kuzima na kuwasha tena. Honda nao kwenye skuta yao ya PCX waliweka mfumo unaozima injini wenyewe baada ya kusimama sekunde 3. Ukizungusha mkono wa mafuta, inawaka. Lakini mashine ile imeundwa kwa kazi hiyo, na stata yake pia. Usiilinganishe na pikipiki ya kabureta ambayo ikiwa na joto inakataa kuwaka mpaka uibembeleze.

Basi mimi nafanya hivi: nazima mchana, gari likiwa limesimama nyuma yangu, kwenye taa ninayoijua kuwa ndefu au yenye namba zinazohesabu na bado zinasoma zaidi ya 30, na betri yangu nimeipima wiki hiyo. Namba zikifika 10 nawasha, naingiza gia, narudi kwenye kioo. Ikikosekana moja kati ya hayo, naiacha iungurume.

Sasa ile pikipiki pale ina kipima volti kwenye betri. Wewe kijana wa mbele, njoo ubonyeze stata, na nyinyi wengine tazameni sindano inashuka mpaka wapi.