Mkeka uliokunjwa na mkeka uliotandazwa: kupima uzito na umbo la protini

Assalaam alaykum. Walimu wa skuli, mafundi wa maabara, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma, karibuni. Nitasema "uzito" mahali ambapo mwalimu wa fizikia angetaka niseme "tungamo". Walimu wa fizikia mnisamehe.

Chukueni mikeka miwili ya ukindu, sawa kwa sawa. Mmoja umekunjwa, mwengine umetandazwa. Kwenye mizani hamtaona tofauti. Lakini ipitisheni yote miwili sokoni Darajani saa nne asubuhi. Aliyebeba uliokunjwa atapenya. Aliyeutandaza atagonga kila mtu na atafika nyuma sana. Protini ni hivyo hivyo. Mnyororo uliojikunja vizuri na mnyororo uliofumuka vina uzito mmoja, na mizani peke yake haijui upi ni upi. Kwa hiyo tunaunganisha vipimo viwili: spektrometa ya tungamo, ambayo ni mizani yetu, na kabla yake chumba chenye gesi, ambacho ndicho Darajani yetu. Umeme unazivuta ioni, yaani molekuli zenye chaji, gesi inazikwamiza, nasi tunahesabu milisekunde zinazotumika kupita.

Leo mfano wetu ni hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa sababu selimundu si jambo geni kwetu na kwa sababu protini hii ina visa vyote tunavyovihitaji. Mnyororo wa alfa una daltoni 15,126 na wa beta 15,867; daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli, karibu sawa na uzito wa protoni moja. Katika selimundu, asidi ya glutamiki iliyo nafasi ya 6 kwenye beta imebadilishwa na valini (zote mbili ni asidi amino, yaani pete za mnyororo), na uzito unashuka hadi 15,837. Tofauti ni daltoni 30 tu. Kila mnyororo hubeba hemu moja, kipande chenye chuma, yenye daltoni 616. Alfa mbili, beta mbili na hemu nne zikishikana, jumla ni kama 64,453.

Molekuli isiyo na chaji haivutwi na umeme, kwa hiyo kwanza tuipe chaji. Njia iliyompa John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002 ni kunyunyiza kwa umeme: maji yenye protini yanatoka kwenye ncha ya sindano yenye volti nyingi, yanakuwa matone madogo, matone yanakauka, chaji zinabaki juu ya protini, kila chaji ikiwa ni protoni moja. Mashine haisomi uzito moja kwa moja, inasoma uzito uliogawanywa kwa chaji, tunaoandika m/z. Hemoglobini nzima yenye chaji 16, 17 na 18 itaonekana kwenye 4,029, 3,792 na 3,582. Vilele vitatu kwenye mchoro wa mashine, vya kitu kimoja. Anayeanza hudhani ni protini tatu.

Sasa niingie kwenye chumvi, na hapa nitakaa, maana kazi nyingi huharibika hapa kabla mashine haijawashwa.

Aliyetoka kuoga baharini na kukauka juani anajua kinachobaki ngozini. Tone linapokauka, maji yanakwenda zake na chumvi inabaki, inaigandia protini. Kila sodiamu inayoshika nafasi ya protoni inaongeza daltoni 22. Zikishika tatu, mmeongeza 66. Hemoglobini yenye beta mbili za selimundu imepungua 60. Mnaona? Chumvi kidogo tu inaufunika ugonjwa wote, na vilele vinakuwa vilima vipana visivyosomeka.

Dawa yake ni kuiondoa chumvi ya kawaida na kuweka amoniamu asetati ya milimola 200 kwa lita, kwa sababu hiyo huruka pamoja na maji. Kwa mililita 100, pimeni gramu 1.54. Lakini unga wake unanyonya unyevu, na hewa yetu ya mwezi wa nne mnaijua. Kopo likibaki wazi, mnapima maji mkidhani mnapima asetati. Funikeni upesi, liwekeni kwenye chombo chenye silika ya kunyonya unyevu, au nunueni iliyokwisha yeyushwa. Na ihifadhiwe kwenye chupa ya plastiki, kwani kioo hutoa sodiamu taratibu. Tena msiiite bafa. Bafa huzuia pH, yaani kipimo cha asidi, isibadilike. Kwenye pH 7 hii haina nguvu hiyo, nguvu yake iko karibu na 4.75 na 9.25. Tone linapopungua, asidi inazidi, na protini dhaifu inaweza kuanza kufumuka humo humo.

Kubadilisha maji tunatumia kichujio cha sentrifyuji cha mililita 0.5. Watu huchagua kichujio cha daltoni 30,000 wakisema hemoglobini ni 64,000, haipiti. Inapita, kwa sababu hemoglobini hujigawa nusu kwa nusu, na nusu yake ina 32,226 tu, iko mpakani kabisa. Tumieni cha 10,000. Jazeni mikrolita 500, zungusheni mpaka zibaki 50, jazeni tena. Kila mzunguko unapunguza chumvi mara kumi. Mkianza na milimola 150 za chumvi, baada ya mizunguko mitatu bado mna mikromola 150, yaani mara kumi na tano ya protini yenu ikiwa ni mikromola 10. Ndiyo maana tunasema sita. Baada ya sita imebaki mikromola 0.15. Mwanafunzi aliyechoka huishia mara ya tatu, halafu anailaumu mashine.

Na mikromola 10 hizo si za kubahatisha. Mkipunguza mpaka mikromola 1, sehemu kubwa ya hemoglobini itakuwa imejigawa kweli ndani ya maji. Mashine itaonyesha nusu-nusu, na itakuwa inasema kweli. Mkizidisha mno, matone yatabeba molekuli mbili kwa pamoja, zikauke zikiwa zimeshikana bila ya kuwa na uhusiano wowote. Kuna jengine: hemoglobini iliyokaa kwenye joto hugeuka rangi ya kahawia. Chuma chake kimeoksidika, na hemu ya namna hiyo hutoka kwa urahisi, khasa kwenye beta. Ya unga inayouzwa mara nyingi iko hivyo tayari. Mkiona kilele cha nusu kimepungua 616, msitafute ugonjwa mpya. Hemu imedondoka.

Sindano. Ni ya kioo, imepakwa dhahabu, na tundu la ncha ni mikromita 1 hadi 2. Kabla ya kuijaza, zungusheni sampuli kwa dakika 10 kwenye 14,000 g, chembe zishuke, la sivyo ncha itaziba. Mikrolita 3 zinatosha. Kwa mwendo wa nanolita 30 kwa dakika ni dakika mia za kazi. Anzeni volti 800, pandisheni polepole hadi 1,200 au 1,400. Mkiona cheche, shusheni, maana dhahabu inaungua na sindano hiyo haitafaa tena.

Haya, ioni zimeingia, zinafika kwenye gesi. Mwendo wao unategemea mambo mawili makubwa: chaji, inayovuta, na eneo la mgongano, yaani ule upana wa mkeka unaogonga watu. Chaji ikiongezeka mara mbili na umbo likabaki vile vile, mwendo unaongezeka mara mbili.

Hapa ndipo chumba cha gesi kinapolipa gharama yake. Nusu ya hemoglobini yenye chaji 8 na hemoglobini nzima yenye chaji 16 zina m/z ile ile, 4,029. Mizani imeshindwa. Ipi itatangulia kwenye gesi? Wengi wenu mnasema nyepesi. Hebu tuhesabu. Nzima ina ujazo mara mbili, lakini eneo halikui sawa na ujazo, linakua kama mara 1.6 tu. Chaji yake ni mara mbili. Mbili ukigawa kwa 1.6 ni 1.25, kwa hiyo nzito inafika mwanzo, kwa mwendo wa robo zaidi. Ndiyo, nzito.

Kwenye mashine zenye bomba refu na uga wa umeme usiobadilika, eneo la mgongano linapatikana kwa hesabu ya moja kwa moja. Kwenye zile za mawimbi yanayosukuma ioni, lazima upime kwanza protini zinazojulikana na ulinganishe. Hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kutumia protini zilizofumuliwa kwa asidi kulinganishia protini iliyojikunja. Tumieni zilizojikunja, kama konkanavalini A au albumini ya damu, zenye ukubwa unaokaribiana na yenu. Wa pili ni kugusa kasi ya wimbi au mgandamizo wa gesi baada ya kulinganisha. Ukigusa, rudia yote. Na msichanganye namba za heli na za nitrojeni: nitrojeni ni kubwa na inavutwa na ioni, kwa hiyo huleta eneo kubwa zaidi kwa protini ile ile.

Hatari kubwa kuliko zote haitoi alama. Ni kuifumua protini ndani ya mashine, halafu kuliandika umbo hilo kana kwamba lilikuwamo kwenye damu. Volti mnazoziweka mlangoni mwa mashine zinazidishwa na chaji. Volti 50 kwa ioni yenye chaji 17 ni nishati ya elektronivolti 850, na ioni inagonga gesi kwa nguvu hiyo yote. Kwa hiyo kila sampuli ifanyiwe ngazi: anzeni volti 10, pandeni kwa tano-tano hadi 100, na kila hatua mwandike muda wa kufika. Mwanzo muda hautatikisika. Kisha utaruka, maana mkeka umefunguka. Kipimo cha kuaminika ni kile kilichochukuliwa kwenye sehemu tambarare, mbali na mruko. Ripoti ya umbo isiyo na ngazi hii mimi siisomi. Na mruko wenyewe usitupwe, kwani dawa ikiishika protini vizuri, mara nyingi mruko unasogea kwenye volti za juu zaidi, na hapo mmejua kitu juu ya dawa.

Kidogo juu ya umeme. Ndani ya mashine kuna ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, linaloshikiliwa na pampu zinazozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa maana ya kukatika umeme. Betri za akiba zisipangwe kwa ajili ya kuendelea na kazi, zipangwe zitoshe kufunga vali na kuzimisha pampu kwa utaratibu. Pampu ya mafuta ikisimama ghafla, mvuke wa mafuta unapanda ndani, na kusafisha huko si kazi ya siku moja.

Nimeletewa kikaratasi: je, gesi inaweza kututenganishia hemoglobini A, yaani ya kawaida, na ya selimundu? Hapana. Daltoni 60 katika 64,453 hazifiki hata sehemu moja katika elfu, na kipimo cha umbo kinakosea kwa asilimia moja au mbili. Kwa kazi hiyo fumueni kila kitu kwa asidi ya fomiki, msome minyororo peke yake: kwenye chaji 16, beta ya kawaida iko 992.7 na ya selimundu 990.8. Wazi kabisa.

Na swali la chini yake, juu ya hemoglobini C, ni zuri zaidi. Hiyo hubadilisha glutamiki kuwa lisini pale pale nafasi ya 6, tofauti haifiki hata daltoni moja, kwa hiyo kuisoma beta nzima hakutoshi. Ikateni kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini. Kipande cha kwanza cha beta ya kawaida kinatokea kwenye 952.5 kikiwa na chaji moja, cha selimundu 922.5. Cha C hakipo kwenye hizo zote mbili, maana tripsini hukata baada ya lisini, na lisini mpya imeleta mkato mpya. Kitafuteni kwenye 694.4.