Njugu Alizoacha Mama

JUSTINE: Karibuni tena jamani, ni sisi tu, mimi na kaka Opio. Leo nilikuja na karatasi, nimeandika mambo matatu, imani kwa Mungu asiyeonekana, tumaini la milele, na la tatu tutalifikia. Ila ngoja kwanza, kaka. Jumamosi nilikuwa Tororo nang'oa njugu.

OPIO: Zile za mama?

JUSTINE: Za mama. Si unajua alizipanda mwezi wa tatu mvua ilipoanza, mwenyewe na jembe lake na yale magoti yake, tukimkataza hasikii. Mwezi wa tano tukamzika palepale, kutoka kaburini mpaka shambani unahesabu hatua ishirini hivi. Sa nang'oa shina la kwanza, nakung'uta udongo, naona zimening'inia nyingi, nikapasua moja kwa meno, ndani nyekundu, bado ina majimaji. Nikakaa chini kwenye tuta. Nililia kaka, mpaka mtoto wa ndugu yangu akakimbia kuita watu.

OPIO: Pole sana dada. Pole. Mama alikuwa mtu wa kupanda yule.

JUSTINE: Asante. Zimetoka gunia na nusu, zimeanikwa kwenye mkeka.

OPIO: Na mimi umeniletea?

JUSTINE: Sijakuletea.

OPIO: Hata kaveera kamoja, kamfuko tu ka plastiki? Sosi ya binyebwa, hiyo ya karanga ya kwenu, mimi naijua, nimeilia pale nyumbani.

JUSTINE: Subiri nimalize. Hivi wewe unajua njugu inavyozaa? Ua linatoka juu, la njano, dogo, kila mtu analiona. Likishanyauka, pale lilipokuwa panatoka kitu kama sindano, inainama, inashuka, inajichoma udongoni, na njugu yenyewe inajaa huko chini gizani. Mama aliyaona maua. Alinipigia simu akasema zimechanua vizuri. Njugu hakuiona hata moja.

OPIO: Hapo ndipo Waebrania 11 dada! Mstari wa 13, hao wote wakafa katika imani, ahadi hawajazipokea, wakaziona kwa mbali wakazishangilia. Mama kaona ua. Na ndiyo imani yenyewe hiyo, unapanda, huoni, lakini una hakika, sababu Mungu wa mvua ni yuleyule.

JUSTINE: Mimi hapo nakataa.

OPIO: Unakataa nini?

JUSTINE: Huo mfano. Siku ya mazishi waliosimama kuongea karibu wote walisema hivyohivyo, mbegu, mbegu, tumempanda mama. Sikatai ni maneno ya Paulo, yako 1 Wakorintho 15. Lakini mama alipanda njugu kwa sababu alishazivuna tangu msichana, anajua siku mia hivi zitakuwa tayari. Kaburi mimi sijawahi kuona likivunwa. Wewe umewahi? Sa usiniambie ni kitu kimoja.

OPIO: Mimi sijaona ila wapo walioona. Hiyohiyo sura ya 15, Paulo anasema Bwana aliwatokea ndugu zaidi ya 500 kwa wakati mmoja na wengi wao wako hai bado, yaani kama anawaambia nendeni mkawaulize. Huo ni ushahidi. Hata shamba, uliamini njugu ziko chini kabla hujang'oa kwa sababu mama alikwambia.

JUSTINE: Niliamini kwa sababu ni mama.

OPIO: Ehe.

JUSTINE: Hapana, sikiliza, si ehe. Nilimwamini mama, si njugu. Mvua ingekatika, zikauke zote, bado ningemwamini mama. Na Mungu mimi namshika hivyo, namshika yeye mwenyewe, mavuno atajua yeye. Usiku ule wa kwanza baada ya mazishi sikuwa na hakika ya kitu, kaka, hakika yoyote, nilikuwa naita jina lake tu gizani.

OPIO: Nakuelewa, kabisa, ila siwezi kukubali mavuno yawe kitu cha pembeni. Paulo mwenyewe kasema, kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure. Bure! Mimi nimezika baba na wadogo zangu wawili. Nikiambiwa shika Mungu tu, kuwaona tena tuache, sa nashika nini?

JUSTINE: Sijasema tuache.

OPIO: Umesema mavuno atajua yeye.

JUSTINE: Ndiyo, atajua yeye. Waangalie wale vijana wa Namugongo, mashahidi wa Uganda waliochomwa moto kwa imani yao, tarehe 3 mwezi wa 6 mwaka 1886. Mapadre walifika 1879, 1882 wakaondoka, wamerudi 1885, hiyo miaka katikati vijana wanafundishana wenyewe pale ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Kizito alikuwa na kama miaka 14, kabatizwa na Karoli Lwanga siku chache tu kabla ya moto. Huyo ushahidi wa watu 500 aliupima saa ngapi? Alimpenda mtu ambaye hajamwona, kama Petro anavyosema.

OPIO: Na hao haohao waliingia kwenye moto wakijua wanakwenda mahali! Ukiwanyang'anya mbingu hutaweza kunieleza kwa nini hawakukimbia.

JUSTINE: Sijawanyang'anya mbingu, kaka.

OPIO: Unaisukuma mbali.

JUSTINE: Naiweka mikononi mwake.

OPIO: Basi hapo tumekwama, maana mimi naitaka mikononi mwangu, naitaka kama chakula.

JUSTINE: Tumekwama kweli, na sirudi nyuma.

OPIO: Hata mimi. Na betri ya kurekodia inaonyesha asilimia nne, tangu asubuhi umeme hakuna. Hayo mambo yako matatu tumefanya mangapi?

JUSTINE: Hata la kwanza halijaisha. Nilitaka tumguse Tomaso, na Askofu Mkuu Luwum, yule aliyeuawa wakati wa Amin... basi, karatasi naikunja.

OPIO: Kabla haijazima, hizo njugu mtazila zote?

JUSTINE: Hilo ndilo linaninyima usingizi. Dada zangu wanasema tuuze, shangazi anasema tukaange za kumbukumbu. Mimi nimetenga debe moja bado ziko na maganda yake, nitazimenya mvua ya pili ikikaribia, mwezi wa nane mwishoni hivi. Mbegu hiyo mama aliipata kwa mama yake.

OPIO: Utapanda wapi?

JUSTINE: Palepale. Tuta la karibu na kaburi.

OPIO: Nakuja tulime wote. Kaveera nitakuja nalo mwenyewe.

JUSTINE: Jembe pia uje nalo, la mama mpini wake umevunji—