Umeme wa Bwawa la Nyumbani: Unalipia Saa na Kasi

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Naona tumo humu wenye nyumba za wageni za Shangani na Mikindani, wenye mabwawa ya majumbani, mafundi umeme, na vijana wanaosafisha mabwawa. Hawa vijana nawaomba wasogee mbele. Mwenye nyumba anaijua Luku, mita yake ya umeme wa kulipia kabla, lakini swichi ya pampu iko mikononi mwao.

Kwanza niliondoe lile neno ambalo halikosi kwenye kikao chochote cha umeme hapa kwetu: kwamba gesi inatoka Msimbati, kwa hiyo sisi tungepunguziwa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na mitambo ya kuzalishia umeme tunayo hapahapa, lakini uniti ya Mtwara na uniti ya Mwanza bei yake ni moja. Hilo tulilalamikie siku nyingine. Mwenye bwawa hawezi kukaa kwenye D1, lile daraja la bei nafuu, kwa sababu D1 ni ya mtu asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, na pampu ya bwawa ya kawaida ikiwashwa kutwa, peke yake inazimaliza hizo ndani ya wiki moja. Uko T1, daraja la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, unafika shilingi 356. Hesabu zangu zote leo zitakuwa kwa bei hiyo. Na uniti ya saa nane usiku ni sawa na ya saa nane mchana. Kuna nchi zenye bei nafuu ya usiku, lakini T1 yetu haina, kwa hiyo anayewasha pampu usiku akidhani anaokoa hela anajisumbua bure.

Haya, tuchukue bwawa la kawaida la nyumbani: urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita moja na nusu. Hizo ni lita 48,000. Pampu ambayo mafundi wengi wanafunga ni ya hospawa moja na nusu, na hiyo inavuta karibu kilowati moja na nusu. Yaani kila saa moja inameza uniti moja na nusu. Ukiiacha usiku na mchana, ni uniti 36 kwa siku, uniti 1,080 kwa mwezi, shilingi 384,480. Naona kuna mzee pale anatikisa kichwa. Mzee wangu, hao watu wapo, na hawajui, kwa sababu Luku ni moja kwa nyumba nzima na lawama inaangukia friji na kiyoyozi.

Msikubali namba zangu hivihivi. Ukifika nyumbani zima kila kitu, andika uniti zilizobaki kwenye Luku, washa pampu peke yake kwa saa moja kamili, kisha soma tena. Tofauti utakayoiona ndiyo mshahara wa pampu yako kwa saa.

Sasa swali la pili: hiyo saa moja imekusogezea maji kiasi gani? Hapa hata mafundi wanabahatisha. Chukua pipa la lita 200, lile la mafuta lililooshwa vizuri. Siku ya kuosha chujio la mchanga, yaani pale maji yanaporudishwa kinyumenyume na kumwagwa nje, elekeza bomba la kumwagia kwenye pipa na ushike saa. Pipa likijaa kwa sekunde 45, pampu yako inasukuma karibu lita 16,000 kwa saa. Ni makadirio, lakini ni bora kuliko kuamini kibandiko cha kwenye pampu, maana kile kinakuonyesha pampu inaweza nini siku ambayo haina bomba refu wala elbo kumi mbele yake.

Lita 48,000 gawanya kwa 16,000: saa tatu. Maji yote ya bwawa yamepita kwenye chujio mara moja. Kwa bwawa la familia, mzunguko mmoja kwa siku kwa kawaida unatosha. Siku za kaskazi, joto la Desemba na Januari, watoto wako likizo na wageni wamejaa, sogea mpaka mmoja na nusu, hata miwili. Ukiweka saa tano kwa siku umeshakuwa mkarimu. Saa tano ni uniti 225 kwa mwezi, shilingi 80,100. Lakini nikiwauliza vijana hapa, wengi wataniambia wanawasha asubuhi wakifika na kuzima jioni wakiondoka, saa 12. Hiyo ni shilingi 192,240. Zaidi ya laki moja inakwenda kila mwezi kusafisha maji yaliyokwisha kuwa safi.

Saa tumemaliza. Kuna kasi, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye hela nyingi kuliko kote.

Mota nyingi za pampu zetu zina kasi moja tu, karibu mizunguko 2,850 kwa dakika. Zipo pampu za kubadilisha kasi. Ukiipunguza hadi nusu, maji yanayopita yanakuwa nusu, hilo kila mtu analitegemea. Umeme ndio unaoshangaza: kwa hesabu unashuka hadi sehemu moja ya nane. Nusu mara nusu mara nusu. Aliyewahi kuendesha baiskeli kwa kasi barabara ya Mikindani anaijua hesabu hii kwa mapaja yake. Kasi ikizidi mara mbili, hewa haikudai nguvu mara mbili, inakudai mara nane.

Kwa vitendo huipati ile moja ya nane kamili, kwa sababu mota na kifaa cha kupunguzia kasi navyo vina hasara zao. Tuseme badala ya kilowati moja na nusu inavuta 0.3. Maji sasa yanakwenda lita 8,000 kwa saa, kwa hiyo mzunguko mmoja ni saa sita. Endesha saa nane. Ni uniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi, chini ya shilingi 26,000. Bwawa lilelile, maji yaleyale. Tena mchanga unachuja vizuri zaidi maji yakipita taratibu, kwa sababu uchafu mdogo haulazimishwi kupenya.

Hata hivyo kasi ndogo ina masharti. Kufyonza uchafu wa chini na kuosha chujio vinataka kasi kubwa, kwa hiyo siku hiyo unaipandisha kwa dakika chache. Na kama una mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi, ina kiwango chake cha chini cha maji, yakipungua, inajizima. Mafundi, na ninyi nawaomba: msichukue kifaa cha kupunguzia kasi cha kiwandani, kile cha mota za fezi tatu, mkakifunga kwenye mota ya fezi moja yenye kapasita. Mtaiunguza. Asiye na hela ya pampu ya kubadilisha kasi, siku pampu yake ikifa asinunue tena ya hospawa moja na nusu. Anunue ya robo tatu aiendeshe saa zaidi kidogo. Wauzaji watakwambia ni ndogo. Wao hawalipi Luku yako.

Ukiwa unajenga, weka mabomba manene. Kutoka milimita 50 kwenda 63, kwa maji yaleyale, msuguano unashuka hadi karibu theluthi moja. Bei ya bomba unalipa mara moja.

Nije kwenye chujio, kwa sababu kuna jambo linasemwa vibaya. Utasikia kwamba chujio likiziba pampu inavuta umeme mwingi. Kwa pampu hizi zetu sivyo. Ukipima, mara nyingi inavuta pungufu kidogo. Hasara ni kwamba maji hayapiti. Uniti inakatwa karibu ileile lakini badala ya lita 16,000 zinapita 9,000, bwawa linaanza ukungu, na kijana anaongeza saa. Dawa yake ni ile geji ya presha iliyo juu ya chujio. Siku umetoka kuliosha, andika mshale umesimama wapi, kwa kalamu ya wino mzito, palepale ubavuni. Ukipanda nusu bar juu ya alama hiyo, osha. Usioshe kila siku, unamwaga maji na klorini yako. Nimeziona geji nyingi hapa Mtwara zilizoliwa na chumvi ya bahari, mshale umeganda sehemu moja. Hiyo haikuambii kitu, ibadilishe.

Na taima, ile saa inayowasha na kuzima pampu yenyewe. Wengi mmefunga zile za kuzunguka zenye vipini pembeni. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, na kwetu unakatika, saa ya taima inasimama nayo. Baada ya wiki mbili, ile pampu ya asubuhi inaamka saa kumi jioni na kuzima usiku. Kijana anachoka kuirekebisha, anasukuma swichi upande wa kuwasha moja kwa moja, na hapo ndipo zile saa 24 zinapozaliwa. Nunua taima yenye betri ndani.

Sasa klorini, kwa sababu pampu haiui ukungu wa kijani. Pampu inachanganya na kuchuja. Anayeua ni klorini, na klorini inategemea pH, kipimo cha uasidi wa maji. Iweke kati ya 7.2 na 7.6. Ikifika 8, sehemu kubwa ya klorini yako ipo majini bila nguvu. Visima vyetu vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji ni magumu, pH inapenda kupanda, hivyo pimeni. Jua nalo linaila klorini isiyo na kinga ndani ya saa chache. Asidi ya sayanuriki, miligramu 30 hadi 50 kwa lita, inaikinga.

Taa nitapita haraka. Zile za zamani za chini ya maji ni wati 300 kila moja. Mbili kwa saa tano ni uniti tatu kila usiku. Weka za LED za wati 20. Na fundi, swichi ya usalama ya miliampia 30, ile inayokata umeme ukivuja, kwenye mzunguko wote wa umeme wa bwawa, bila mjadala. Turubai la kufunika linazuia majani na kupunguza maji yanayopaa, na msimu wa kusi linakubakizia joto; sioni sababu ya mtu wa Mtwara kununua hita. Wenye sola, pampu ifanye kazi kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri.

(Mama mmoja aliuliza: masika wageni hakuna, kwa nini nisizime kabisa mpaka Juni?)

Mama yangu, swali zuri. Usizime kabisa. Maji yakisimama utapata mbu kwanza, kisha kijani. Punguza hadi saa mbili, funika, klorini usiiache. Ukilikuta la kijani mwezi wa sita, fundi atakuwashia pampu siku tatu usiku na mchana, na hizo ni uniti 108, mbali na dawa. Uniti hizohizo zingekuendeshea pampu saa mbili kila siku kwa siku 36.